Gari Likikosa Nguvu Mlimani: Somo Juu ya Sensa ya Hewa

Mkulima, mavuno mazuri si fedha mpaka yamefika sokoni. Tuseme umepakia vitunguu katika pikapu yako huko Naivasha, nawe unapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru. Katikati ya mlima pikapu inaanza kusitasita. Unakanyaga mafuta, lakini mwendo hauongezeki, na malori yaliyo nyuma yako yanapiga honi. Unafika sokoni saa nne, wanunuzi wakubwa wamekwisha ondoka, nawe unauza kwa bei ya hasara.

Kesho yake fundi wa kwanza anakuambia ubadilishe pampu ya petroli. Unanunua, na gari ni lile lile. Fundi wa pili anabadilisha plagi. Fundi wa tatu anasema, "Ni sensa ya hewa, lete fedha." Sasa fedha za mbolea zimekwisha, na kosa bado halijajulikana. Somo hili litakuonyesha jinsi ya kulitafuta kosa kwa utaratibu kabla ya kununua kitu cho chote. Linahusu injini za petroli.

KAZI YA SENSA YA HEWA

Petroli haiwaki bila hewa. Ili kilo 1 ya petroli iwake vizuri, yahitaji hewa kilo 14.7 hivi. Katika magari ya zamani kazi ya kuchanganya ilikuwa ya kabureta. Katika magari ya siku hizi, kompyuta ndogo ndiyo inayoamua petroli ya kutiwa. Lakini kompyuta haina macho. Ni lazima iambiwe ni hewa kiasi gani inayoingia. Katika magari mengi anayeiambia ni sensa ya hewa, iliyofungwa kwenye bomba mara tu baada ya filta ya hewa.

Ndani ya sensa mna waya mwembamba sana, au kipande chembamba, kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita hukipoza, kama upepo unavyopoza chai kikombeni. Ili moto ule usipungue, umeme zaidi hutumika. Hewa ikiwa nyingi, umeme huwa mwingi. Hewa ikiwa chache, umeme huwa mchache. Hivyo ndivyo kompyuta inavyojua uzito wa hewa.

Mfikirie karani wa mizani katika kituo cha kupokea maziwa. Ukileta kilo 10 naye akaandika kilo 8, malipo yako yatapungua, ijapokuwa maziwa yalikuwa mazuri. Sensa yenye vumbi ni karani wa namna hiyo. Vumbi huufunika waya, hewa isiupoze sawasawa, nayo sensa huripoti hewa kidogo kuliko ile iliyoingia. Kompyuta hutia petroli kidogo, na injini hukosa nguvu wakati wa mzigo.

DALILI ZAKE

Dalili za sensa mbovu ni hizi: gari husita ukikanyaga mafuta, hukosa nguvu mlimani, hutetemeka au kuzimika likiwa limesimama, hula petroli zaidi, pengine hutoa moshi mweusi, ikiwa sensa yaripoti hewa nyingi kuliko iliyopo. Taa ya njano yenye picha ya injini yaweza kuwaka.

Walakini, usihukumu kwa dalili peke yake, maana makosa mengine huleta dalili hizo hizo. Tena kumbuka mahali ulipo. Nyahururu iko juu kiasi cha mita 2,300, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Injini nzima kabisa, isiyo na taabo, itakosa nguvu kidogo huko. Usiilaumu sensa kwa kosa la mlima. Linganisha gari lako na vile lilivyokuwa mwaka jana katika barabara ile ile na mzigo ule ule.

FUATA HATUA HIZI KWA ZAMU

1. Hakikisha gari lako lina sensa hiyo. Fuata bomba kutoka kisanduku cha filta mpaka injini. Ukiona kifaa kidogo chenye soketi ya waya kimeingizwa katika bomba hilo, yaelekea ndicho. Magari mengine hayana. Hupima presha ya hewa ndani ya injini badala yake.

2. Fungua kisanduku cha filta ya hewa. Barabara zetu za vumbi huijaza filta upesi. Pia panya hupenda kujenga humo, hasa gari likilazwa karibu na ghala la mahindi. Toa takataka zote. Filta ikiwa imejaa au imetoboka, weka mpya. Usiendeshe gari bila filta hata siku moja, kwa kuwa vumbi litakwenda moja kwa moja kwenye sensa na ndani ya injini.

3. Kagua bomba la mpira lililo kati ya sensa na injini. Likunje kwa mikono uone kama lina ufa, na kaza vifungo vyake. Hewa inayoingia kwa ufa haikupita kwenye sensa, kwa hiyo haikuhesabiwa. Wengi wamenunua sensa mpya, kumbe ni mpira uliopasuka.

4. Zima gari, kisha chomoa soketi ya sensa. Tazama kama mna kutu, maji, au waya ulioguguna na panya. Waya uliokatika hutengenezwa kwa gharama ndogo.

5. Soketi ikiwa bado imechomolewa, washa injini. Kompyuta ikikosa habari za sensa, hutumia makisio yake yenyewe. Ikiwa injini sasa yaenda vizuri kuliko kwanza, sensa yatiliwa shaka sana. Ikiwa hakuna mabadiliko, tafuta zaidi mahali pengine. Magari mengine huzimika yakifanyiwa hivyo, na hilo peke yake si ushahidi. Usishangae taa ya injini ikiwaka. Zima injini tena kabla ya kurudisha soketi, wala usipakie mzigo ukaenda safari hivyo.

6. Mwombe fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta, nawe usimame karibu uone. Namba P0101 maana yake vipimo vya sensa havipatani na kazi ya injini. P0102 ni ishara ndogo mno. P0103 ni ishara kubwa mno. P0171 yasema petroli ni chache kuliko hewa, lakini haisemi "nunua sensa".

Kisha fundi aangalie mambo mawili. La kwanza ni uzito wa hewa. Injini ya lita 2 iliyopata moto, ikizunguka polepole, kwa kawaida huonyesha gramu 2 hivi au kuzidi kidogo kila sekunde. La pili ni nyongeza ya petroli ambayo kompyuta inatia ili kusahihisha mchanganyiko. Nyongeza ikiwa kubwa injini ikizunguka polepole, halafu ikapungua kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, yaelekea hewa inavuja. Ikiwa ni ndogo kwanza, kisha yazidi mzigo ukiongezeka, ama sensa yadanganya ama petroli haifiki ya kutosha. Hapo ndipo presha ya petroli ipimwe kwa geji. Presha ikiwa nzuri, yaelekea pampu haina kosa.

KUSAFISHA KABLA YA KUNUNUA

Mara nyingi sensa chafu hupona kwa kusafishwa. Nunua dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa. Injini ipoe, uzime gari, uitoe sensa kwa uangalifu, na uupulizie waya dawa hiyo mara kadhaa. Usiuguse kwa kidole, kitambaa wala mswaki. Hukatika kwa urahisi. Usitumie petroli, dawa ya breki, wala upepo wa kompresa. Iache ikauke kabisa, kisha uirudishe kama ilivyokuwa, mshale wa njia ya hewa ukielekea injini.

Ikiwa kosa limebaki baada ya hatua hizi zote, na presha ya petroli ni nzuri, basi nunua sensa nyingine. Chukua namba iliyoandikwa juu ya ile ya zamani, upate iliyo sawa nayo. Usikawie: injini inayonyimwa petroli wakati wa mzigo hupata moto kupita kiasi, na inayopewa nyingi mno huosha mafuta ya kulainisha ndani ya silinda. Gharama ya injini si sawa na gharama ya sensa.

JIPIME MWENYEWE

1. Kwa nini ufa katika bomba la mpira huleta dalili kama za sensa mbovu?
2. Nyongeza ya petroli yazidi mzigo ukiongezeka. Ni vitu gani viwili vya kupimwa?
3. Kwa nini haifai kufuta waya wa sensa kwa kitambaa?

Ukiweza kujibu haya, fundi akikuambia "lete fedha", nawe utaweza kumwuliza, "Umepima nini?"