Huduma Zinapimwaje? Kijitabu kwa Watoa Huduma wa Karatu na Ngorongoro

Kijitabu hiki ni cha wanaoishi kwa kuhudumia watu katika wilaya za Karatu na Ngorongoro: mwenye gesti, mama lishe, dereva wa watalii, kijana wa bodaboda, wakala wa fedha za simu, fundi wa gereji, msusi, mwalimu, muuguzi. Ni cha viongozi wa vijiji na kata pia, kuanzia Daa na Oldeani hadi Mang'ola na Loliondo, ambao hupanga bajeti kwa takwimu zinazotoka kwa watu hao.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola akiulizwa amevuna nini, ataonyesha magunia. Ubishi wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, utakuwepo, lakini gunia hupanda kwenye mizani na ubishi ukaisha. Dereva aliyeshinda na wageni ndani ya kreta ya Ngorongoro akiulizwa jioni amezalisha nini, hana cha kuonyesha isipokuwa gari lenye vumbi. Wageni wamekwisha kuondoka na walichonunua: wameona, wameelezwa, wamerudishwa salama. Mchumi Peter Hill aliandika mwaka 1977 kwamba huduma ni badiliko katika hali ya mtu au ya kitu chake, linaloletwa na mwingine kwa makubaliano. Abiria alikuwa Karatu mjini, sasa yuko Rhotia. Gari lilikuwa bovu, sasa linawaka. Badiliko hilo ndilo linalotafutwa na wanaopima. Wakikosea kulipima, wamekosea uchumi mzima, maana huduma ni takriban asilimia 40 ya Pato la Taifa la Tanzania.

Fedha zilizopita mkononi

Jambo linalopotosha hesabu za huduma kuliko yote katika eneo letu ni kuchanganya mapato na thamani iliyoongezwa. Tulieleze polepole, maana hapa ndipo penye kiini cha kijitabu hiki.

Chukua mfano wa kampuni ya utalii inayopeleka wageni wanne kutoka nje ya nchi kushinda kreta siku moja. Tuseme imewatoza dola 1,200 kwa jumla. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, kila mgeni wa namna hiyo hulipiwa dola 70.80 za kuingia katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, pamoja na VAT, na gari linaloteremka kreta hulipiwa dola 295. Kwa wageni wanne ni dola 283.20, ukijumlisha na ya gari, dola 578.20 zimeishia lango la Loduare kabla simba hajaonekana. Tuseme tena mafuta na vyakula vya mchana vimechukua dola 150. Kilichobaki ni dola 471.80.

Hiyo ndiyo thamani iliyoongezwa na kampuni hiyo siku ile. Ndani yake mna mshahara wa dereva, uchakavu wa gari, kodi na faida ya mwenye mali. Zile 578.20 hazijapotea: ukiondoa VAT inayokwenda serikalini, ni mapato ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na hupimwa huko. Za mafuta zinahesabiwa kwenye kituo cha mafuta na kwa waliotangulia kuyashughulikia. Kama kila mmoja angehesabu fedha zote zilizopita mkononi mwake na tukazijumlisha, dola moja ya mgeni ingehesabiwa mara tatu au nne, na Karatu ingeonekana tajiri kwenye karatasi huku barabara za mitaa zikiwa zilezile.

Kuna kampuni zinazoandika tozo za hifadhi kama mauzo yao, nyingine huziandika kama fedha za watu zilizopita tu. Mauzo ya kampuni hizo mbili yatatofautiana sana. Thamani iliyoongezwa itabaki ileile. Ndiyo maana wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, huuliza umeuza kiasi gani na pia umetumia nini. Ukijibu swali la kwanza na kuruka la pili, umewapa nusu ya hesabu.

Kanuni hii inamgusa pia mwenye duka. Pato lake ni tofauti kati ya bei aliyonunulia na bei aliyouzia, na kutoka humo hutolewa pango, umeme na usafiri. Dalali wa vitunguu vivyo hivyo. Kwa wakala wa fedha za simu pengo kati ya fedha zinazopita na pato lake ni kubwa zaidi: kibanda kinaweza kupitisha mamilioni ya shilingi kwa wiki, lakini huduma aliyoizalisha ni kamisheni yake tu. Floti aliyonayo, yaani fedha anazotumia kuhudumia wateja, si mauzo.

Tipu nayo ina mahali pake. Bahasha anayopewa dereva au mpishi wa kambi mwisho wa safari ni malipo ya huduma. Kwa kanuni za kimataifa za hesabu za taifa, ni sehemu ya pato na sehemu ya ujira. Kwa kuwa haipiti kwenye risiti, mara nyingi haionekani. Kwa madereva wengi wa Karatu si fedha ndogo, na kukosekana kwake kwenye takwimu hufanya kazi yao ionekane duni kuliko ilivyo.

Pato limezaliwa wapi?

Mgeni huenda amelipa London, fedha zikapokelewa Arusha, yeye akalala Karatu. Kanuni inasema huduma inahesabiwa mahali ilipotolewa. Kuitekeleza ni vigumu, kwa sababu vitabu vya hesabu viko makao makuu ya kampuni. Tangu mwaka 2001 nchi yetu hufanya utafiti wa watalii wanaoondoka, kwa ushirikiano wa NBS, Benki Kuu, Idara ya Uhamiaji na wizara inayohusika na utalii. Wageni huulizwa viwanjani na mipakani wametumia kiasi gani, na waliolipia safari nzima kwao hukadiriwa sehemu iliyoingia Tanzania. Utafiti huo husaidia sana kujua pato la nchi. Hausemi ni kiasi gani kilibaki Karatu, Endabash au kwenye maboma ya utamaduni ndani ya hifadhi, wala Wahadzabe wa bonde la Eyasi wamepata ngapi kutokana na wageni wanaoletwa asubuhi kuwinda nao. Kwa maoni yetu hilo ni pengo ambalo halmashauri inaweza kulipunguza bila kusubiri mtu: rejista za wageni zipo katika kila gesti, loji na kambi, na idadi ya vyumba vilivyolaliwa kila usiku, ikikusanywa kwa uaminifu, ni kipimo bora kuliko makisio ya ofisini.

Huduma isiyo na bei

Kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa katika shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne. Madarasa yakajaa. Kwa kipimo cha bei, huduma ya elimu ingekuwa imeshuka. Kwa macho ya kila mzazi ilikuwa imepanuka. Ndiyo sababu huduma za serikali hazipimwi kwa bei. Hupimwa kwa gharama ya kuzitoa: mishahara ya walimu na wauguzi, chaki, dawa, uchakavu wa majengo.

Njia hiyo ina kasoro ambayo kiongozi anapaswa kuijua. Zahanati ikihudumia wagonjwa wengi zaidi kwa wauguzi walewale, gharama haikuongezeka, basi pato kwenye vitabu halikuongezeka. Muuguzi aliyechoka maradufu haonekani. Dawa ya kasoro hiyo ni kuhesabu huduma zenyewe: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wanafunzi waliomaliza darasa. Takwimu hizo zipo vijijini tayari, kwenye vitabu vya zahanati na shule.

Nyumbani mambo ni ya ajabu kidogo. Mama akichota maji, kanuni za kimataifa zinaruhusu kazi hiyo ihesabiwe katika pato. Akiyapikia chakula cha watoto wake, haihesabiwi. Akipika chakula hichohicho akakiuza stendi, inahesabiwa. Mpaka huo uliwekwa ili hesabu ziwezekane. Hausemi kazi ya jikoni haina thamani, na asiwepo wa kuutumia hivyo kwenye kikao cha kijiji.

Bei ikipanda, huduma imeongezeka?

Tuseme gesti moja iliuza usiku 1,000 wa vyumba kwa mwaka, kila chumba Sh 30,000. Mauzo ni Sh 30,000,000. Umeme, maji, sabuni na vifungua kinywa vikachukua Sh 12,000,000. Thamani iliyoongezwa ni Sh 18,000,000. Wafanyakazi watatu walifanya jumla ya saa 7,200. Tija, yaani thamani kwa kila saa ya kazi, ni Sh 2,500.

Mwaka uliofuata vyumba viliuzwa usiku 1,000 vilevile, bei ikawa Sh 36,000, na gharama zikapanda hadi Sh 14,400,000. Thamani iliyoongezwa inasoma Sh 21,600,000, tija Sh 3,000 kwa saa. Mwenye gesti anaweza kujisifu kwamba tija imepanda kwa asilimia 20. Ukweli ni kwamba walilala watu walewale, kazi ikawa ileile, bei tu ndizo zilizosogea. Kwa hiyo hesabu hurudiwa kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, unaoitwa mwaka wa kizio. Tanzania Bara sasa inatumia 2015.

Lakini je, kama mwaka ule wa pili gesti ilifunga maji ya moto na kubadilisha magodoro? Hapo sehemu ya lile ongezeko ni huduma bora zaidi, na kuifuta yote ni kumdhulumu aliyewekeza. Kutenganisha bei na ubora ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kupima huduma, nchi tajiri nazo hazijaiweza vizuri. Mwenye biashara anasaidia kwa kuandika alichobadilisha na lini.

Tija si kukimbizana

Neno tija likitajwa, wengi husikia kufanya kazi haraka. Katika huduma maana hiyo inapotosha. Mwaka 1966 wachumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walichambua sanaa za jukwaani wakaonyesha kwamba muziki unaohitaji wapigaji wanne kwa nusu saa utaendelea kuhitaji wanne kwa nusu saa, hata viwanda viongeze kasi kiasi gani. Dereva anayewazungusha wageni kreta kwa saa mbili badala ya sita hajaongeza tija. Ameuza kitu kingine, cha thamani ndogo. Msusi naye ana vidole vyake.

Tena tija hupanda kwa sababu zisizotokana na mfanyakazi. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifupisha safari na kuokoa springi. Dereva yuleyule, gari lilelile, safari nyingi zaidi kwa mwezi. Mwaka 2020 ilikuwa kinyume: watalii waliofika nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Wahudumu wa loji hawakuwa wamesahau kazi. Wageni hawakuja.

Tuseme kijana wa bodaboda amekaa kijiweni saa kumi na mbili, akabeba abiria kwa saa nne tu. Saa nane za kungoja nazo ni saa za kazi, ndivyo kanuni za takwimu za kazi zinavyozihesabu. Tija yake itakuwa ndogo, na anayesoma takwimu hiyo akasema vijana ni wavivu ameisoma vibaya. Inasema pikipiki ni nyingi kuliko abiria, na kwamba vijana hawana kazi nyingine ya kuchagua. Vivyo hivyo masika ya Aprili na Mei hushusha tija ya kambi zote. Linganisha Mei na Mei, usilinganishe na Agosti.

Wasioonekana

Desemba 2014 NBS ilitangaza hesabu mpya zilizotumia 2007 kuwa mwaka wa kizio badala ya 2001. Pato la Taifa likaonekana kubwa kuliko ilivyodhaniwa kwa karibu theluthi moja. Hakuna kilichojengwa usiku ule. Shughuli zilikuwepo, zilikuwa hazijaonwa vya kutosha. Huduma ndogondogo hujificha hivyo kwa sababu hazina leseni, bango wala mashine ya risiti ya EFD. Vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa Sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni nne kwa mwaka, viliwapa wengi utambulisho, lakini kitambulisho hakiandiki mauzo ya siku.

Daftari ndilo linaloandika. Kila jioni andika uliyopokea, tipu ikiwemo, uliyolipa wengine kwa niaba ya mteja, uliyotumia kwa kazi, waliofanya kazi na saa zao, na wateja waliohudumiwa. Makadirio yasiandikwe kama hakika.

Karani wa NBS akifika, mwombe kitambulisho, kisha mpe muda. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakataza kutoa kwa mtu mwingine taarifa inayokutambulisha wewe au biashara yako bila idhini yako; majibu yako hujumlishwa na ya wengine. Akiuliza mauzo, mtajie mauzo, kisha mtajie na uliyotumia. Akiuliza wafanyakazi, usiwasahau mke, mume na watoto wakubwa wanaosaidia bila mshahara. Na kama biashara ilifungwa miezi ya masika, mwambie miezi gani, ili wastani wa mwaka usikokotolewe kwa Agosti peke yake.