Somo la Sita: Kuandaa na Kuuza Kozi ya Kwanza Mtandaoni

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza haki za mnunuzi. Sasa tunamgeukia muuzaji anayetaka kuuza ujuzi wake kwa njia ya intaneti kwa mara ya kwanza. Mnunuzi naye na asome, kwani wajibu wa muuzaji ndio haki anayopaswa kuidai.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani mwenye chumba karibu na Mtaa wa Congo, Kariakoo. Wateja wake hutoka Mbeya, Mwanza, hata Lubumbashi. Wengi humwomba awafundishe kukata nguo, lakini hawawezi kukaa Dar es Salaam mwezi mzima. Anaamua kurekodi masomo 12 na kuyauza kwa shilingi 36,000.

1. Achague lengo moja. "Ushonaji" ni bahari. "Kukata na kushona gauni la kitenge lisilo na mikono" ni kozi. Aandike kwa sentensi moja kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya mwishoni, kisha aondoe kila somo lisilomfikisha hapo.

2. Apime kwa watu wachache. Awape watu watano masomo mawili ya kwanza na kuwatazama wakishona. Wote wakikwama mahali pamoja, kasoro imo katika somo. Apime pia uzito wa rekodi: masomo 12 yenye megabaiti 80 kila moja ni megabaiti 960. Kwa anayenunua bando, hiyo ni gharama ya kozi, nayo itajwe mapema.

3. Asitumie fedha ya kazi isiyofanyika. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tuseme watu 20 wamelipa, jumla shilingi 720,000, naye amerekodi masomo matatu tu. Kwa fedha hiyo ananunua kamera na kulipa kodi ya chumba, kisha anaugua. Kila mwanafunzi anadai masomo tisa, yaani shilingi 27,000. Wote kwa pamoja wanadai 540,000 ambazo hazipo tena. Fundi hakukusudia kudhulumu, lakini wanafunzi wamepoteza, na jina alilolijenga kwa miaka mingi limechafuka. Ni heri akamilishe masomo yote kabla ya kuuza. Ikiwa atauza mapema, aiweke fedha kando na kuichukua kidogo kidogo kadiri masomo yanavyowafikia wanafunzi.

4. Aseme kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Asiahidi kipato asichoweza kukithibitisha. Akitoa cheti, aeleze wazi kuwa ni cha ushiriki, na asikifananishe na cheti cha VETA.

5. Aheshimu mali na siri za wengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda muziki na michoro ya watu wengine. Asivitie katika rekodi zake bila idhini. Namba za simu za wanafunzi nazo ni taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022. Zilikusanywa kwa ajili ya kozi. Asimpe muuza vitambaa wa jirani bila ridhaa ya wenyewe.

Siku ya kuzindua, tangazo lioneshe jina la biashara na mahali ilipo, idadi ya masomo, bei kamili, namna ya kuuliza maswali, na masharti ya kurejeshewa fedha. Malipo yapokelewe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na risiti itolewe.

Zoezi: Andika masharti ya kurejesha fedha kwa sentensi zisizozidi tatu. Mpe jirani asiyejua biashara yako ayasome, kisha akueleze atarejeshewa kiasi gani akiacha kozi baada ya somo la nne. Akishindwa kujibu, yaandike upya kabla hujapokea hata shilingi moja.