SOMO: MKATE WA AVOKA, YAI NA NYANYA

Siku ya soko, asubuhi na mapema, tazama njia zinazoshuka kutoka vilima vya Kivu. Akina mama wanapita wamebeba vikapu vizito mgongoni. Ndani ya vikapu mna avoka, nyanya, na mayai yaliyofungwa vizuri katika majani makavu ya mgomba. Jioni wanarudi. Sasa vikapu vina nini? Sabuni, chumvi, sukari, na majani ya chai. Hatuwezi kusema kwamba wamefanya vibaya, maana kila nyumba inahitaji sabuni, na feza ya shule haidondoki kutoka mtini.

Lakini tuulize neno moja: katika nyumba ile nani alikula yai? Asubuhi mtoto alipewa kikombe cha chai yenye sukari na kipande cha muhogo. Tumbo lilishiba, lakini mwili haukupata vitu vya kutosha vya kujijenga. Chakula chema kilipita mlangoni pake, kikaenda kwa wengine.

Basi, katika somo hili tutajifunza namna ya kutayarisha chakula kizuri cha asubuhi kwa vitu ambavyo wengi wetu tunavyo nyumbani. Tena tutajua kwa sababu gani kinafaa.

1. KAZI TATU ZA CHAKULA

Mwili unahitaji vyakula vya namna tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kuulinda. Chakula cha namna moja tu hakiwezi kufanya kazi zote. Nyumba haijengwi kwa miti peke yake. Inataka udongo pia, tena na majani ya kuiezeka.

Mkate unatia nguvu. Muhogo, ndizi na viazi vinafanya kazi hiyo pia.

Avoka inatia nguvu nyingi kwa sababu ya mafuta yake. Katika gramu 100 za nyama ya avoka mna mafuta gramu 15 hivi. Mafuta hayo ni mazuri kwa moyo. Lakini angalia: vitu vya kujenga mwili katika avoka ni vichache, gramu 2 tu hivi. Kwa hiyo avoka haiwezi kuwa badala ya yai.

Yai linajenga mwili. Katika yai moja mna gramu 6 hivi za vitu vya kujenga nyama na damu. Kiini chake kina vitamini A, inayosaidia macho.

Nyanya, ambayo wengine huiita tomati, inalinda mwili kwa vitamini C. Vitamini hiyo inasaidia vidonda kupona, na inasaidia mwili kupokea chuma kilicho katika mboga na maharagwe. Tena, rangi nyekundu ya nyanya na rangi ya mboga za majani zina vitu vizuri ambavyo mwili huvipokea vema zaidi vikiliwa pamoja na mafuta. Unaona? Avoka inaisaidia nyanya kufanya kazi yake.

2. MTOTO ALIYEVIMBA MIGUU

Labda umewahi kumwona mtoto ambaye miguu yake imevimba, nywele zake zimekuwa nyepesi na kubadilika rangi, ngozi yake inabanduka, naye hataki kucheza wala kula. Wazazi wengine husema, "Mtoto wetu amenenepa." Sivyo. Huo ni ugonjwa, nao huitwa kwashiorkor. Jina hilo ni la lugha ya watu wa Ga, wa nchi ya Ghana. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina hilo katika maandiko yake. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wa kwanza wakati mdogo wake anapozaliwa. Aliondolewa ziwani, akaachiwa chakula cha namna moja tu.

Mpaka leo waganga wanaendelea kuchunguza sababu zote za ugonjwa huu. Lakini jambo hili linajulikana: mara nyingi unawapata watoto wanaokula muhogo au mahindi bila chakula kingine, hasa baada ya kuhara au kuugua surua.

Namna ya kupima ni hii. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto, na hesabu polepole mpaka tatu. Ondoa kidole. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mlete mtoto hospitali siku ile ile. Usijaribu kumponya nyumbani kwa kumlisha sana. Mwili wake umekuwa dhaifu, na chakula kingi kwa ghafula kinaweza kumwua. Hospitali atapewa maziwa maalum kidogo kidogo, pamoja na dawa. Chakula cha somo hili ni cha kuwalinda watoto wasifike hali hiyo.

3. NAMNA YA KUTAYARISHA

Kwa watu wawili, tafuta vitu hivi: avoka moja iliyoiva, mayai mawili, nyanya moja kubwa, vipande vinne vya mkate, chumvi kidogo, na nusu ya ndimu.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Osha avoka na nyanya kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, kwa sababu nyanya hii italiwa mbichi, na kipindupindu hupita katika maji machafu.

Pili, pima mayai. Yaweke katika bakuli la maji. Yai jipya hulala chini. Likielea juu, limekaa sana, usilile. Kisha chemsha yale mazuri. Tangu maji yanapotokota, hesabu dakika 10. Huku milimani maji hutokota kabla ya kuwa na moto wa kutosha kama kule chini, basi ongeza dakika 2. Kiini kiwe kigumu. Yai ambalo halikuiva vizuri linaweza kuleta ugonjwa wa kuhara.

Tatu, pasua avoka, ondoa kokwa, chota nyama kwa kijiko, na uiponde katika sahani. Tia chumvi kidogo na matone ya ndimu. Ndimu inazuia avoka isiwe nyeusi upesi.

Nne, pasha vipande vya mkate juu ya makaa ya babula mpaka viwe vikavu na rangi ya kahawia. Visiungue. Mkate wa jana unafaa sana kwa kazi hii.

Tano, paka avoka juu ya mkate. Panga vipande vyembamba vya nyanya, halafu vipande vya yai. Kula mara moja, maana ukikaa mkate utalowa.

Avoka haiivi ikiwa bado mtini. Ichume ikiwa imekomaa, iweke ndani ya nyumba siku chache. Ukitaka iive upesi, ifunge pamoja na ndizi iliyoiva. Maganda na kokwa usiwatupie kuku, kwa maana vina sumu kwa ndege.

4. KAMA KITU KIMOJA HAKIPO

Mama mmoja atasema, "Mimi sina feza ya mkate." Si neno. Tumia kiazi kitamu, ndizi au muhogo uliopikwa. Avoka itakaa juu yake vizuri.

Mwingine atasema, "Kuku wangu hatagi sasa." Basi tumia maharagwe yaliyopikwa na kupondwa, au sambaza za ziwa. Kama nyanya hazipo, weka lenga-lenga zilizopikwa. Usisahau zile kazi tatu; ukizijua, utaweza kubadilisha vitu.

5. MTOTO MDOGO

Mtoto asiyetimiza miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Akiisha kutimiza miezi sita aendelee kunyonya, tena aanze kula. Umpondee avoka na yai lililoiva sana, bila chumvi. Usimpe mkate mkavu, asije akapaliwa. Anza na vijiko viwili au vitatu, kisha ongeza polepole.

6. MANENO YA WATU JUU YA YAI

Katika vijiji vingine husemwa kwamba mwanamke asile yai, au kwamba mtoto anayekula mayai atakuwa mwizi. Tunawaheshimu wazee wetu. Wametufundisha mambo mengi mema. Lakini yai haliibi. Mama mwenye mimba anajenga miili miwili, wake na wa mtoto. Yeye ndiye anayelihitaji kuliko wengine. Ninyi akina baba, mnapoona yai moja mezani, msingoje kupewa ninyi. Mpeni mama, mpeni mtoto.

7. HESABU YA KIKAPU

Hatukuambii, "Usiuze." Tunakuambia, hesabu kabla ya kufunga kikapu. Tuseme kuku wako ametaga mayai 12. Mwachie 6 ayaatamie. Baada ya siku 21 utaona vifaranga. Uza 3, ununue sabuni na chumvi. Yale 3 yanayobaki ni ya watoto. Avoka nazo, weka za nyumbani kando kwanza, kisha zile nyingine ziende soko.

Tena kokwa moja uipande karibu na nyumba. Mti wa kokwa hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa, lakini mtoto unayemlisha leo ndiye atakayeupanda kuchuma.

MASWALI

1. Taja kazi tatu za chakula. Kila kazi, toa mfano mmoja kutoka shamba lako.
2. Kwa nini avoka haiwezi kuwa badala ya yai?
3. Utapimaje miguu ya mtoto? Shimo likibaki, utafanya nini?
4. Yai jipya linajulikanaje?
5. Leo asubuhi mtoto wako alikula nini? Kesho atakula nini?