Mgonjwa wa mapafu: Muulize kazi alizoacha

"Sijambo daktari, ni kikohozi tu." Hivyo ndivyo alivyonijibu mama mmoja wa miaka 58 aliyeletwa kliniki na bintiye. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akikaanga mandazi kwa kuni na makaa katika kibanda kisicho na dirisha. Nilipomuuliza kama hukosa pumzi, alikana. Binti ndiye aliyetoboa siri: maji sasa huletwa na kijana wa mkokoteni, nguo hufuliwa na jirani, na kanisani mama hajaenda tangu Krismasi kwa sababu ya mlima.

Mama hakudanganya. Hakuwa akikosa pumzi kwa sababu alikuwa ameacha kila kazi inayomkosesha pumzi. Wagonjwa wengi wa mapafu sugu hufanya hivyo polepole, wakisingizia uzee. Ni vivyo hivyo kwa walioharibiwa mapafu na sigara, na kwa baadhi ya waliopona kifua kikuu.

Hospitalini kuna spirometa, chombo ambacho mgonjwa hupuliza kwa nguvu ili tujue kiasi cha hewa anachotoa katika sekunde ya kwanza. Hatuwezi kuthibitisha ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa bila chombo hicho. Hata hivyo, watu wawili wanaweza kupata kipimo sawa, mmoja akaenda sokoni na kurudi, mwingine akashindwa kufunga kamba za viatu. Misuli ya miguu iliyolegea kwa kukaa tu, moyo, na hofu ya kukosa pumzi havionekani katika kipimo hicho.

Kwa hiyo sisi madaktari hutumia pia maswali. Kipimo kinachotumika sana kilitokana na kazi ya Charles Fletcher, daktari Mwingereza aliyewachunguza wachimba makaa ya mawe, na kina daraja 0 hadi 4. Wa 0 hukosa pumzi kwa kazi ngumu tu. Wa 1, akiharakisha au akipanda kilima kidogo. Wa 2 huachwa nyuma na watu wa umri wake, au husimama apumue hata akienda kwa mwendo wake mwenyewe. Wa 3 husimama baada ya mita 100 hivi. Wa 4 hatoki nyumbani, au huhema akivaa nguo. Kuanzia daraja la 2, dalili huhesabiwa kuwa nzito.

Mama yetu alikuwa daraja la 3.

Nyumbani, msomaji, usimuulize mzazi wako "u hali gani?" Utajibiwa salama. Muulize: Unaoga ukiwa umesimama au umeketi? Kufika ghorofa ya pili unapumzika mara ngapi? Unaweza kuzungumza ukitembea? Muulize hasa juu ya kuanika nguo na kuchana nywele, kwani mikono ikiinuliwa, misuli ya mabega inayosaidia kupumua hupata kazi mbili. Kisha uliza ni kazi gani alifanya mwaka jana ambayo leo hafanyi. Andika majibu pamoja na tarehe, umpe daktari. (Akianza kuhema ghafla au midomo ikigeuka rangi ya samawati, achana na daftari, mkimbize hospitali.)

Kuna pia jaribio la kutembea dakika 6 katika ujia wa mita 30, kwenda na kurudi. Mgonjwa anaruhusiwa kupumzika lakini saa haisimamishwi. Umbali ukiongezeka kwa mita 30 hivi, huwa ni nafuu ya kweli.

Tulimpa mama dawa ya kuvuta na kumfundisha kuitumia, jambo ambalo wengi hukosea. Aliacha kupikia ndani, akaanza kutembea kila asubuhi. Baada ya miezi 3, spirometa ilikuwa karibu pale pale, lakini alikuwa ameshuka hadi daraja la 2 na amefika kanisani, akisimama njiani mara mbili. Maji bado yanaletwa na mkokoteni.