KILIMA KIKIGEUZWA MACHIMBO
Somo la kamati za parokia kuhusu kubadili matumizi ya ardhi ya kijiji



Robo hii tunajifunza pamoja juu ya jambo linalogusa vijiji vingi vyenye vilima vya mawe: ardhi iliyokuwa ya malisho, kuni, mashamba au makaburi inapoombwa kugeuzwa machimbo ya kokoto. Lengo si kuwafundisha watu kukataa kila mwekezaji, wala kuwafundisha kukubali. Lengo ni kwamba kijiji kiamue chenyewe, kikijua, na kwa maandishi. Somo linaweza kugawanywa katika vikao viwili. Mje na Biblia, daftari, na nakala ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chenu kama upo.

1. TUANZE NA KOKOTO ZETU WENYEWE

Kabla ya kumnyoshea mtu kidole, tuangalie kanisa la kigango chetu. Msingi wake una kokoto. Zahanati, tangi la maji, nyumba ya walimu na daraja la barabarani navyo vina kokoto. Dar es Salaam imejengwa kwa miaka mingi kwa mawe yaliyotoka kwenye vilima vya watu wengine, na malori yanayotoka Lugoba mkoani Pwani ni ushahidi wa hilo. Kila jengo lina kilima chake mahali fulani, na chini ya kilima hicho wapo watu wanaoishi.

Hivyo basi hatuwezi kusema kokoto ni mbaya. Swali letu ni hili: nani anabeba gharama yake, na je, aliulizwa?

2. NENO LA MUNGU: SHAMBA LA NABOTHI

Someni 1 Wafalme sura ya 21, mstari wa 1 hadi wa 19.

Mara nyingi tunaikumbuka habari hii kama habari ya mfalme mnyang'anyi. Tuisome polepole zaidi. Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alianza na ombi la kubadili matumizi ya ardhi: shamba la mizabibu liwe bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Tena alitoa bei, ama shamba jingine lililo bora zaidi, ama fedha. Nabothi alikataa kwa sababu kwake lile lilikuwa urithi wa baba zake, na si kila urithi una bei.

Kisha tazameni jinsi shamba lilivyopotea. Halikuporwa usiku. Liliporwa mchana, mkutanoni. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee waliitisha kusanyiko. Mashahidi wawili walisimama, wakasema uongo. Kila kitu kilionekana kimefuata utaratibu: barua, muhuri, kikao, mashahidi. Kilichokosekana ni ukweli, na wazee wenye ujasiri wa kuuliza swali moja.

Hatusemi kwamba kila mwenye kuomba ardhi ni Ahabu. Wapo wenye nia njema na wanaofuata sheria. Tunachosema ni kwamba muhuri na kikao peke yake havitoshi kuwa haki.

3. MFANO WA KUJADILI

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Pimeni wenyewe kama unafanana na mnayoyajua.

Kijiji kina kilima cha mawe. Mteremko wake hulishwa mbuzi, akina mama huokota kuni huko, na chini yake kuna chemchemi inayonyesha vitongoji viwili. Upande wa mashariki yapo makaburi ya wazee.

Anafika mgeni, anapokelewa ofisini na mwenyekiti na mtendaji. Anaahidi ajira kwa vijana, madarasa mawili na barabara. Mkutano unaitishwa siku ya mnada, wakati watu wengi hawapo. Waliofika wanaelezwa kwamba "mradi unakuja". Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanatia sahihi kama walivyozoea. Hakuna kura iliyopigwa. Wiki chache baadaye karatasi ile ile imeambatishwa kwenye muhtasari unaosema kwamba kijiji kimeridhia kilima kugeuzwa eneo la machimbo.

Mwaka wa pili baruti zinalipuka, kuta za nyumba za tofali mbichi zinapata nyufa, na maji ya chemchemi yanapungua. Vijana wanane wamepata kibarua, na malipo yao wanayahitaji kweli. Wananchi wanapokuja ofisi ya parokia kuomba msaada, wanaonyeshwa sahihi zao wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila wenye mali hawakujua limeandikwa nini.

4. MADHARA YA KUPIMWA MAPEMA

(a) Vumbi. Miamba mingi ya kokoto ina silika. Vumbi lake laini likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna dawa ya kuuponya. Mwenye ugonjwa huo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Walio hatarini kwanza ni wafanyakazi wa mtambo wa kusaga mawe, na wale wanaoponda mawe kwa nyundo, wakiwemo akina mama wenye watoto mgongoni.

(b) Maji. Shimo likichimbwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji hukimbilia shimoni na kuvutwa kwa pampu. Visima na chemchemi za jirani zinaweza kupungua.

(c) Milipuko. Mtikisiko hupasua kuta, na mawe yanaweza kurushwa mbali. Bila ratiba na king'ora, mtu aliyeko shambani hajui akimbilie wapi.

(d) Mashimo yaliyoachwa. Kazi ikiisha, shimo hujaa maji ya mvua. Watoto huenda kuogelea humo na mbu huzaliana.

5. SHERIA INASEMA NINI

Tuliyoandika hapa ni ya Tanzania. Wasomaji wetu wa nchi nyingine wafuate sheria za kwao.

Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, wala si mali ya halmashauri hiyo. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mama mjane ana kura sawa na mwenyekiti.

Pili, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007. Kijiji kinaweza kuwa na mpango unaoonyesha wapi ni makazi, wapi ni mashamba, malisho, msitu, chanzo cha maji na makaburi. Mpango huo hupitishwa na mkutano mkuu. Kijiji chenye mpango kina mahali pa kuanzia mazungumzo. Kijiji kisicho na mpango huambiwa kwamba kilima chake ni "ardhi tupu".

Tatu, uhaulishaji. Ardhi ya kijiji inaweza kuhaulishwa kuwa ardhi ya jumla kwa mamlaka ya Rais. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, likitaja mahali, ukubwa na matumizi. Kama eneo halifiki hekta 250, yaani ekari zipatazo 618, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri ndiye huamua. Machimbo mengi ya kokoto ni madogo kuliko kiwango hicho. Maana yake ni kwamba neno la mwisho mara nyingi liko kwenu.

Hapa ndipo pa kukaza macho. Ardhi ikishahaulishwa, hairudi yenyewe kijijini machimbo yanapoisha. Mzee anayenyosha mkono leo anaamua pia kwa ajili ya mjukuu ambaye hajazaliwa.

Nne, leseni ya madini. Mawe ya ujenzi nayo ni madini kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Lakini leseni ya kuchimba si hati ya kumiliki ardhi ya juu. Sheria inataka ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya kuishi. Makaburi na maeneo ya ibada nayo yamewekewa ulinzi. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, mwenye haki ya madini anatakiwa kila mwaka kuwa na mpango wa wajibu wake kwa jamii uliokubaliwa na mamlaka ya serikali ya mtaa. Hivyo, ahadi ya madarasa iombwe ionekane ndani ya mpango huo.

Tano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka utaratibu wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na wananchi wana haki ya kushirikishwa. Ombeni kuiona taarifa hiyo, tena isomwe mkutanoni kwa Kiswahili.

6. MASWALI YA KUPELEKA MKUTANO MKUU

1. Eneo linaloombwa lina ekari ngapi, na mipaka yake ni ipi? Tuitembee kwa miguu kabla ya kuamua.
2. Tunaombwa nini hasa: kubadili mpango wa kijiji, kukodisha, au kuhaulisha?
3. Mtaji ni wa nani, na leseni iko kwa jina la nani?
4. Maji ya chemchemi yamepimwa sasa, kabla ya kazi kuanza? Bila kipimo cha leo hakuna ushahidi wa kesho.
5. Nyumba zilizo karibu zimekaguliwa na kupigwa picha?
6. Fidia ni kiasi gani, kwa nani, na italipwa lini? Je, jina la mke limo?
7. Nani atafukia shimo, na fedha ya kazi hiyo imewekwa wapi?
8. Ikiwa ahadi haitatimizwa, tutalalamika wapi?

Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kufunga mkutano, idadi ya kura za ndiyo na za hapana iandikwe, na karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa kinachosema wazi kwamba sahihi hiyo ni ya mahudhurio tu.

7. NAFASI YA KAMATI YA PAROKIA

Kamati si chama cha siasa wala si mahakama. Waumini wetu wako pande zote mbili: mwenye nyumba iliyopasuka na kijana anayelisha wadogo zake kwa kibarua cha machimboni. Wote ni wetu. Kazi yetu ni kuhakikisha wote wanapata habari ile ile, kwa wakati.

Tangazeni tarehe ya mkutano mkuu baada ya misa na katika jumuiya ndogondogo. Shirikianeni na ndugu Waislamu na makanisa mengine, kwa maana vumbi halichagui dini. Tuna mfano mzuri: mwaka 2008 TEC, CCT na BAKWATA walitoa taarifa ya pamoja kuhusu uchimbaji wa madini nchini, nao walisikika kwa sababu walisimama pamoja.

Na jambo moja gumu. Kamati isipokee saruji, mabati wala fedha kutoka kwa mwombaji wa ardhi kabla mkutano mkuu haujaamua. Paa la kanisa likishawekwa kwa msaada huo, ni vigumu kumuuliza aliyelitoa habari za chemchemi.

8. KWA WAHISANI WETU

Wengi wenu hutuma msaada watu wakishaathirika, nasi tunashukuru. Tunaomba sasa mtazame pia hatua ya awali. Kupima mipaka, kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi na kuwapatia wanakijiji hati za hakimiliki za kimila ni kazi isiyopendeza kwenye picha kama kisima kipya. Lakini ndiyo inayokilinda kisima hicho kisikauke. Aidha, katika miradi ya ujenzi mnayoifadhili, tuulizane kokoto zimetoka wapi na zimechimbwa vipi.

9. MASWALI YA MAJADILIANO

(a) Katika habari ya Nabothi, wazee wa mji wangeweza kufanya nini tofauti? Kwa nini hawakufanya?
(b) Je, mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chetu upo? Nani ameuona kwa macho?
(c) Ni mahali gani kijijini ambapo hatungekubali pageuzwe machimbo kwa bei yoyote? Tupaandike.
(d) Kama kijiji kingekubali, ni masharti gani matatu ambayo hatungeyaacha?
(e) Nani kati yetu atasoma muhtasari wa mkutano mkuu ujao, na ataleta taarifa lini?

Majibu ya swali la (c) na la (e) yaandikwe kwenye daftari la kamati kabla ya sala ya kufunga.

Sala: Ee Mungu, uliyeumba vilima na kuficha maji chini yake, utupe macho ya kusoma kabla ya kutia sahihi, na kinywa cha kuuliza wakati wengine wamenyamaza. Uwalinde wanaoponda mawe na wanaoishi chini ya kilima. Amina.