Ukiandika Riwaya ya Mapenzi na Simu, Mtafute Mtu wa Pembeni

Juzi nimetumiwa sura za mwanzo za riwaya na dada mmoja anayeandika kwa mara ya kwanza. Ni ya ndoa na mitandao, kama ilivyokuwa yangu. Ukurasa baada ya ukurasa ni meseji za WhatsApp: jina, saa, meseji, jina, saa, meseji. Kipaji anacho, na anajua vizuri wanaume wanavyojibu wakiwa wanaficha kitu. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa sababu jibu lenyewe nililipata kwa hasira kwenye duka la uchapaji, na siwezi kulieleza bila kuisimulia siku ile. Basi naliweka hapa, hatua kwa hatua, liwafae na wengine.

Duka silitaji jina. Liko Kariakoo, ghorofa ya pili. Kijana wa kompyuta alilitazama faili langu, akaniambia liko safi, nilipe nusu, nirudi Ijumaa kuchukua prufu. Nikalipa. Ijumaa nikaichukua, nikasimama palepale kaunta nikaifungua sura ya 14, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Humo mke anamwandikia mumewe ujumbe mrefu, ujumbe wa ndoa nzima: ada ya mtoto, kodi ya nyumba, maneno aliyoambiwa mbele ya mawifi siku ya Idi. Anatuma. Anasubiri. Jibu linakuja, nalo ni dole gumba. Halina hata "sawa". Ni dole gumba peke yake. Mwanamke aliyewahi kujibiwa hivyo haelezwi zaidi.

Kwenye prufu dole gumba halikuwepo. Palikuwa na kisanduku kitupu, kama vile vya fomu za benki vinavyosubiri tiki. Nikapekua mbele. Moyo uliopasuka, kisanduku. Mikono ya dua, kisanduku. Yule anayecheka mpaka machozi, kisanduku. Nikamwita kijana. Akatazama, akanirudishia. "Dada, ndivyo faili lako lilivyokuja." Nikamkumbusha kuwa yeye ndiye aliyelipitisha. Akanijibu kuwa yeye kazi yake ni kuchapa, hasomi. Fedha haikurudi, na pole sikupewa. Tuna wachapaji hodari sana mjini hapa, lakini pia tuna hawa wanaodhani kitabu na kadi ya mchango wa harusi ni kazi moja, na mwandishi mgeni ndiye anayelipia mafunzo yao.

Upande wa ufundi ni mdogo. Imoji ni herufi kama herufi nyingine, na fonti isiyokuwa nazo inachapa kisanduku. Mwambie mchapaji aifungie ndani ya PDF fonti yenye imoji, na udai akuchapie kwanza ukurasa mmoja wenye imoji kabla hujatoa shilingi. Imetosha.

Kilichonifaa ni kilichotokea usiku ule mezani kwangu, na kalamu nyekundu mkononi. Niliamua sitampa mchapaji yeyote nafasi ya kuniharibia tena: kila imoji nitaiandika kwa maneno. Nikafika sura ya 14. Kuandika "dole gumba" ni rahisi, lakini mara tu linapokuwa neno, lazima pawe na wa kulitamka. Nani analiona? Yuko wapi? Amekaa na nani? Nikamtoa mke wangu wa riwaya chumbani alikokuwa peke yake na simu, nikampeleka kwenye kicheni pati, kavaa sare, kazungukwa na wanawake wa upande wa mume. Mistari ikatoka hivi:

Simu ilitetemeka juu ya meza, katikati ya sahani za pilau na chupa za soda. Wifi yake ndiye aliyeiona kwanza. Akaisogeza kwa ncha ya kidole, asiharibu kucha alizopaka jana. "Kaka kajibu," alisema. "Kadole tu."

"Kadole tu" sikuwa nayo kabla. Ilikuja yenyewe, kwa sababu wifi alikuwepo na wifi lazima aseme kitu. Ujumbe mrefu wa mke nikaupunguza mpaka ikabaki sentensi moja, maana sasa msomaji anaujua uzito wake kwa namna mke anavyoshindwa kuinua kijiko.

Ndiyo mbinu yenyewe, na ndiyo ninayomwambia huyu dada: usiandike ujumbe wowote wa simu kabla hujajua nani yuko pembeni na mikono yake inafanya nini. Sisi simu zetu hazina siri kama tunavyojidai. Simu iko kwenye chaji kwa jirani mwenye umeme. Mtoto kaichukua kucheza gemu, meseji ikadondoka juu ya gemu. Abiria wa daladala anasoma nawe, na ukifika mwisho wa ukurasa anasubiri uteremshe. Mwandishi anayebandika meseji tupu anawaondoa watu wote hawa, na ndio wanaotengeneza ugomvi.

Si jambo jipya. Katika Rosa Mistika, aliyoitoa Kezilahabi mwaka 1971, Rosa anaandikiwa barua na kijana, barua inamfikia baba yake, Zakaria. Muulize yeyote aliyeisoma akwambie barua ilisema nini, wengi watababaika. Muulize Zakaria alifanya nini. Atakusimulia kipigo chote. Mzee mmoja wa kampuni ya uchapishaji alinirudishia mswada wangu akisema, "Mwanangu, mambo ya WhatsApp yatachakaa, andika mapenzi yanayodumu." Nilimwamkia nilipoingia na nikamuaga kwa heshima nilipotoka, lakini sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye leo. Barua za posta nazo zimechakaa. Rosa anasomwa.

Sasa hatua. Ya kwanza: ujue mwaka wa hadithi yako, kwa sababu simu ya mwaka mmoja si simu ya mwaka mwingine. Tiki za bluu zilikuja mwishoni mwa 2014. Kabla ya hapo mwanaume aliweza kusema hajaiona meseji na hakuna wa kumbishia. Statasi ya picha inayopotea baada ya saa 24 iliingia WhatsApp mwanzoni mwa 2017. Kufuta ujumbe kwa wote kulikuja mwishoni mwa mwaka huohuo. Riwaya yangu inaanza 2016, na nikaitumia kalenda hiyo kuipindua ndoa. Nusu ya kwanza mume hana pa kukimbilia: alichokosea kukituma kinabaki. Kisha asubuhi moja mke anaamka anakuta pale palipokuwa na ujumbe pameandikwa kuwa ujumbe umefutwa. Hajawahi kuona kitu hicho. Anamwamsha mdogo wake, anamuuliza simu imeharibika? Mdogo wake anaangalia, anajua, na anamdanganya. Sura hiyo niliiandika kwa usiku mmoja na sikuigusa tena.

Na statasi! Sijui kwa nini waandishi wetu wanaikimbilia Instagram ya mastaa wakati uchungu wa wanawake tunaowajua uko kwenye statasi ya WhatsApp, ambayo mtu anaweza kuchagua nani asiione. Mume wangu wa riwaya anamficha mkewe peke yake. Mawifi wanaona, mwenye nyumba anaona, fundi seremala anaona. Mke anagundua siku muuza genge anapompongeza kwa safari ya Bagamoyo ambayo hakwenda. Instagram ni nzuri kwa kuonyesha watu wanavyotaka waonekane. WhatsApp inawaonyesha kwa ndugu zao.

Hatua ya pili nilitaka iwe juu ya kupanga sura, lakini hilo mtalipata kwa wengi, na hadithi za magazetini za kina Eric Shigongo zilishatufundisha sote kukata pale msomaji anapotaka kujua zaidi. Ninayotaka kuieleza ni saluni.

Nilikuwa nasukwa rasta Sinza, kazi ya mchana kutwa, na mswada ulikuwa kwenye begi. Msusi akaniuliza nina makaratasi gani. Nikaanza kusoma kwa sauti. Wasikilizaji wa namna hii hupati popote: mikono yao ina kazi, hawakutazami usoni, hawakuonei haya. Sehemu ikipoa, wanarudi kwenye mambo yao bila kukuomba radhi. Meseji isiyoeleweka imetoka kwa nani, msusi anasimamisha kitana: "Subiri, hapo anaongea nani?" Kila aliposimamisha kitana nikaweka alama, na kila alama niliirudia nyumbani mpaka meseji ijulikane ni ya nani kwa maneno yake, bila jina wala saa. Mama mkwe haandiki kama binti wa chuo. Fundi haandiki kama mchungaji.

Nikafika kwenye "Kadole tu". Saluni ikanyamaza, kisha ikalipuka. Mteja mwenye dawa kichwani akasema yeye angeondoka palepale na pilau aliache. Mwingine akamjibu, "Uondoke uwape nafasi ya kusema? Kaa, kula, cheka." Wakagawanyika. Dada aliyekuja kupaka rangi ya kucha tu, kucha zikakauka na hakuinuka. Mama mmoja mtu mzima, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema wifi yule si mbaya, amemsaidia ajue mapema. Nilikuwa sijamfikiria wifi hivyo. Nilikwenda nyumbani nikampa sura yake mwenyewe, na ndiyo wasomaji wananiandikia zaidi.

Mambo mengine kwa haraka. Skrinishoti za mashoga zako usizinakili. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, shoga yako atajitambua. ISBN unaipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, usimlipe dalali. Maduka ya vitabu hayajanifurahisha: yanachukua nakala kwa mali kauli, yanazipanga nyuma ya vitabu vya kiada, ukirudi bosi hayupo. Aliyeniuzia zaidi ya wote ni msusi. Nakala ziko juu ya kabati la mafuta ya nywele, mteja analipa kwa M-Pesa, hesabu yake haijawahi kupungua.

Riwaya ya pili nimeshaianza. Ni ya kina mama wa VICOBA, na mweka hazina wao ametoka kwenye grupu saa sita usiku bila kuaga. Mlio kwenye vikundi, niandikieni mnavyogawana mwisho wa mzunguko na nani hushika funguo za sanduku, maana sura ya tatu imekwama hapo.