Glopu Haiungui

Wanachama wenzangu, kwetu glopu ya waya ikizimika, hulaumiwa mtoto aliyegusa swichi. "Ameiunguza!" Mimi namtetea. Mle ndani hewa ilitolewa kiwandani, waya utaunguaje?

Waya wenyewe ni wa tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3422 za Selsiasi. Kama metali nyingine, umejengwa kwa punje ndogo mno, zimebanana kama mawe ya ukuta. Stima ikipita, waya hufikia nyuzi 2500 hivi. Kwa joto hilo atomi huhama kutoka punje hadi punje. Kubwa humeza ndogo, mpaka punje moja inaenea upana mzima wa waya. Hapo ndipo pana hatari! Punje huteleza kando kama sarafu zilizopangwa ovyo, waya unalegea na kukatika.

Aladar Pacz wa Marekani alitia potasiamu na silika kwenye unga wa oksidi ya tungsteni, akapewa hataza mwaka 1922. Tumezoea kuambiwa kitu safi ndicho bora, lakini hapa uchafu kidogo ndio dawa: viputo vya potasiamu hubaki ndani ya waya, vikazuia mipaka ya punje isisogee.